Elimu ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usimamizi wa serikali na uwajibikaji wa mzazi

Nimewasomesha wanangu nyumbani kwa miaka tisa. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa na wazazi wanaotaka kuanza, na wazazi walioletewa barua na ofisi ya elimu wakashindwa kulala. Majibu haya hayachukui nafasi ya wakili, na sheria hutofautiana mno kati ya nchi na nchi, kwa hiyo soma ya kwenu kwanza. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mzazi anayesomesha nyumbani anawajibika kwa mtoto kabla ya kuwajibika kwa ofisi yoyote, na usimamizi wenye maana ni ule unaomfikia mtoto mwenyewe. Makaratasi peke yake hayamwoni mtoto.

Mtoto ni wangu. Serikali inaingilia kwa haki gani?

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloulizwa kwa uchungu kuliko yote. Mtoto ni wako kwa maana kwamba umekabidhiwa wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini ni mtu kamili, ana maisha yake yanayomsubiri baada yako, na elimu ni haki yake yeye. Wewe unaibeba kwa niaba yake.

Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 liliyaweka mambo haya mawili ndani ya ibara moja, ya 26. Linasema elimu ya msingi ni ya lazima, kisha linasema wazazi wana haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu watakayopewa watoto wao. Walioandika hawakuona mgongano hapo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unafuata njia hiyohiyo: ibara ya 18 inasema wazazi ndio wenye jukumu la kwanza la malezi, na ibara ya 19 inaitaka serikali imlinde mtoto dhidi ya ukatili na kutelekezwa hata akiwa mikononi mwa wazazi wake.

Kuna hukumu moja ambayo wazazi wenzangu hupenda sana kuinukuu, ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1925. Jimbo la Oregon lilikuwa limepitisha sheria ya kuwalazimisha watoto wote wasome shule za umma, mahakama ikaifuta, ikasema kwamba mtoto si kiumbe cha serikali tu. Ni maneno mazito na yanastahili kukumbukwa. Ila ndani ya hukumu hiyohiyo mahakama ilisema pia kwamba hakuna aliyekuwa akipinga mamlaka ya serikali ya kuweka masharti ya haki kwa shule zote, kuzikagua, kuzisimamia, na kuwapima walimu na wanafunzi. Ukichukua nusu ya kwanza ukaacha ya pili, umejidanganya kuhusu mahali unaposimama.

Elimu ya nyumbani inaruhusiwa kila nchi?

Hapana. Ujerumani imekaza kuliko nchi nyingi: huko wajibu ni wa kuhudhuria shule, jambo lililoingizwa kwenye katiba ya nchi hiyo ya 1919, iitwayo katiba ya Weimar, na familia inayomsomesha mtoto nyumbani kwa sababu za imani au falsafa haipati ruhusa. Wazazi walipoipeleka Ujerumani kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ombi lao lilikataliwa mwaka 2006. Mwaka 2019 mahakama hiyo ilisema pia kwamba Ujerumani haikukiuka haki ya familia moja ambayo watoto wao waliondolewa nyumbani kwa wiki tatu. Sweden, kwa sheria ya 2010, inaruhusu tu pale penye sababu za kipekee kabisa. Ufaransa, ambako taarifa tu ilikuwa inatosha, ilibadilisha sheria mwaka 2021, na tangu mwaka wa masomo ulioanza 2022 mzazi huomba kibali akitaja sababu: ugonjwa au ulemavu wa mtoto, michezo au sanaa inayofanywa kwa kiwango cha juu, familia inayohamahama au kuishi mbali na shule, au hali ya pekee ya mtoto mwenyewe.

Upande wa pili wapo Finland, ambako wajibu ni wa kujifunza na si wa kwenda shule, na manispaa ndiyo inayofuatilia maendeleo ya mtoto. Ireland iliandika katika katiba yake ya 1937 kwamba familia ndiyo mwalimu wa kwanza na wa asili wa mtoto, ila serikali inaweza kudai kiwango fulani cha chini cha elimu. Marekani inaruhusu katika majimbo yote 50, lakini majimbo hayo yana tofauti kama usiku na mchana. New York inamtaka mzazi atoe taarifa ya nia, alete mpango wa masomo, apeleke ripoti nne kwa mwaka na tathmini ya mwisho wa mwaka, na atimize saa 900 za masomo kwa darasa la 1 hadi la 6 na saa 990 kuanzia darasa la 7. Texas haidai hata taarifa.

Serikali husimamia kwa njia zipi?

Njia zenyewe ni chache, na nchi nyingi huchanganya mbili au tatu.

Taarifa ndiyo nyepesi kuliko zote. Unaiandikia ofisi kwamba mtoto fulani anasoma nyumbani, basi. Faida yake ni kwamba mtoto yupo kwenye orodha na hawezi kupotea bila mtu kujua. Kibali ni kitu kingine: hapo unaomba na unaweza kukataliwa. Wazazi huchanganya mambo haya mawili, wakaandika barua ya kuomba mahali ambapo sheria ilitaka kuarifiwa tu, au wakaarifu na kuanza kufundisha mahali palipohitaji ruhusa. Kosa hili la pili linaweza kukufikisha mahakamani.

Kisha kuna mtihani. Austria mtoto hufanya mtihani shuleni mwisho wa mwaka, akishindwa hurudishwa shule. Italia nayo ina mtihani wa kila mwaka wa kuthibitisha kwamba mtoto anafaa kuingia darasa linalofuata. Kuna majalada ya kazi, yaani mzazi anakusanya kazi za mtoto za mwaka mzima na mtu mwenye sifa anazipitia. Na kuna mkaguzi anayekutana na familia, kama Ufaransa, ambako ofisi ya elimu hukagua angalau mara moja kwa mwaka.

Katika hizo zote, utaratibu wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, ndio ulionivutia zaidi nilipokuwa nikisoma sheria za wenzetu. Huko mzazi mwenyewe huchagua mtathmini kati ya wenye sifa zinazotakiwa kisheria. Mtathmini anapitia jalada, na lazima azungumze na mtoto. Mzazi ana uhuru wa kumtafuta mtu anayeielewa njia yake ya kufundisha, na mtoto anaonana ana kwa ana na mtu mzima asiye wa nyumbani, anayemwuliza umejifunza nini mwaka huu. Kama ningeombwa nichague sheria moja ya kuiga, ningechagua hiyo.

Mtihani wa kila mwaka si unatosha?

Unapima jambo moja kwa siku moja. Kwa kusoma na hesabu za mwanzo unasaidia sana, siudharau. Shida ni kwamba mtihani hauoni namna mtoto anavyofundishwa, na mzazi aliye karibu mno na mtoto huwa haoni pia.

Binti yangu alipokuwa na miaka kumi nilikuwa na hakika anazijua sehemu za hesabu, kama nusu na robo. Daftari lake lilijaa vyema. Mwalimu mmoja mstaafu niliyemwomba atupitie mara mbili kwa mwaka alimpa maswali matatu, akaniomba nitoke chumbani. Niliporudi, karatasi ilikuwa tupu. Mwalimu yule alinieleza kwa upole kwamba mtoto alikuwa akimtazama kila mara akisubiri aanziwe hatua ya kwanza. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya bila kujijua: kila swali mimi ndiye niliyelianza, yeye akamalizia. Mwaka mzima nilikuwa nikisahihisha kazi yangu mwenyewe. Binti alikuwa ameshajua kwamba hajui, na alikuwa ameona aibu kuniambia kwa sababu nilionekana nimefurahi.

Tulirudi nyuma miezi minne. Leo sehemu hazimsumbui. Lakini bila jicho la mtu wa nje ningeendelea vilevile mpaka siku ambayo kurudi nyuma kungekuwa kugumu zaidi, na ambaye angeumia ni yeye.

Nitunze kumbukumbu gani?

Tunza kana kwamba kesho utaugua na mtu mwingine atachukua nafasi yako. Atahitaji kujua mtoto yuko wapi katika kila somo, amesoma vitabu gani, wapi anakwama. Hiyo ndiyo kumbukumbu, na kwa bahati ndiyo pia ofisi nyingi hutaka kuiona.

Kwa vitendo: andika kila siku mistari miwili au mitatu ya yaliyofanyika, na tarehe. Usisubiri mwisho wa muhula ukaanza kukumbuka, maana utaandika uliyokusudia kufanya badala ya uliyofanya. Weka kazi halisi za mtoto, na hasa zile zenye makosa. Insha ya mwezi wa kwanza iliyojaa makosa, ikiwekwa kando ya insha ya mwezi wa kumi, inasema mengi kuliko cheti. Nimeona majalada yaliyopambwa kama albamu ya harusi, kila ukurasa safi, na mkaguzi hakuweza kujua mtoto alikuwa amekua kwa lipi. Hifadhi orodha ya vitabu. Hifadhi nakala ya kila barua uliyopeleka ofisini na kila jibu ulilopewa, ikiwezekana lenye mhuri au tarehe ya kupokelewa. Karatasi hizo za barua huonekana hazina kazi mpaka siku afisa uliyezungumza naye amehamishwa na anayekaa kwenye kiti chake hajawahi kukusikia.

Mkaguzi akija, anatafuta nini? Lazima nimruhusu aingie ndani?

Kuhusu kuingia ndani, sheria ya kwenu ndiyo itakayojibu, na zipo nchi ambako mnaweza kukubaliana mkutane ofisini au maktaba. Usibahatishe. Uliza kwa maandishi kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu anachotafuta, mkaguzi mzuri hatafuti darasa dogo lenye ubao na kengele. Anataka kujua kama mafundisho yapo kweli, yana mfululizo, na yanalingana na umri na uwezo wa mtoto. Sheria ya elimu ya Uingereza ya 1996 inaweka kipimo kizuri: elimu yenye tija, ya muda kamili, inayofaa umri, uwezo na kipaji cha mtoto pamoja na mahitaji yake maalumu kama anayo. Ukiyaweka maneno hayo mbele yako ukajiuliza kila moja, umeshajiandaa.

Mtayarishe mtoto kwa kumwambia ukweli: kuna mtu anakuja kuona unavyojifunza, mwoneshe unachopenda, na ukiulizwa usichokijua sema hujui. Usimkaririshe majibu. Mkaguzi mwenye uzoefu hutambua jibu lililokaririwa kabla halijaisha, na zaidi ya hilo umemfundisha mtoto kwamba elimu yake ni kitu cha kufichwa.

Nikikaa kimya nisijibu barua zao?

Ni uamuzi mbaya hata pale ambapo sheria haikulazimishi kujibu. Mwaka 1980 mahakama moja ya Uingereza ilikutana na jambo hilihili. Ilisema ofisi ya elimu ina haki ya kuuliza, na mzazi akikataa kutoa taarifa yoyote, ofisi inaweza kwa urahisi kuhitimisha kwamba mzazi huyo anaonekana hatimizi wajibu wake. Jibu, hata kwa ukurasa mmoja.

Kwa nini kila mjadala wa elimu ya nyumbani huishia kwenye habari za ukatili? Inatuumiza.

Inaniumiza na mimi. Lakini niliacha kuikwepa nilipojiuliza inamuumiza nani zaidi.

Mwaka 2018 huko California walikutwa ndugu 13 waliokuwa wakiteswa na kunyimwa chakula na wazazi wao, baadhi wamefungwa kwa minyororo. Nyumba hiyo ilikuwa imeandikishwa kama shule binafsi. Fomu ilijazwa na kupelekwa, na sheria haikumtaka mtu yeyote aende kuona kama kuna shule. Mmoja wa mabinti alitoroka dirishani akapiga simu polisi, ndivyo walivyookoka. Mwaka huohuo ofisi ya mtetezi wa watoto ya jimbo la Connecticut ilitoa ripoti kuhusu watoto 380 walioondolewa shule katika wilaya sita za elimu ili wasomeshwe nyumbani. Asilimia 36 walitoka katika familia ambazo angalau mara moja zilikuwa zimeripotiwa kwa idara ya watoto kwa tuhuma za ukatili au kutelekeza, na ripoti hiyo ikapokelewa. Kuripotiwa si kuthibitishwa, na wilaya sita si nchi nzima. Hata hivyo sioni namna ya kuisoma namba ile na kuendelea kama kawaida.

Sisemi kwamba wazazi wanaosomesha nyumbani ni wakatili kuliko wengine. Ninachosema ni hiki: mtoto anayekwenda shule anaonwa kila siku na watu wazima wengi, na mwalimu mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua alama mwilini au mtoto aliyenyamaza ghafla. Tunapomtoa mtoto shule, tunaliondoa jicho hilo. Mzazi mwema haoni pengo kwa sababu kwake jicho hilo halikuwa na kazi. Mzazi mkatili analiona mara moja, na wapo wanaolitafuta makusudi. Tukipigania sheria isiyomtaka mtu yeyote amwone mtoto kamwe, tunapigania uhuru wetu, lakini tunawajengea ukuta na hao wengine.

Si ni kuwaadhibu wengi kwa makosa ya wachache? Na mashuleni nako watoto wanaumizwa.

Kweli wanaumizwa: wanapigwa, wananyanyaswa, na wapo wanaomaliza miaka saba bila kusoma sentensi. Ni sababu halali ya kumtoa mtoto, na ni sababu halali ya kuidai shule iwajibike zaidi. Haiwi sababu ya nyumba kutowajibika kabisa.

Kuhusu adhabu, inategemea tunataka nini. Kukutana na mtu mara moja au mbili kwa mwaka si adhabu. Dereva mwangalifu naye husimamishwa aoneshe leseni, na hajioni mhalifu. Adhabu ni pale afisa anapokuja bila taarifa, anapofungua majokofu, anapomhoji mtoto wa miaka sita kuhusu dini ya nyumbani, au anapodai mtaala wa shule ufuatwe ukurasa kwa ukurasa. Hayo nayapinga pamoja nanyi, na ninaona upinzani dhidi yetu ungepungua kama tungekuwa wa kwanza kupendekeza utaratibu wenye heshima badala ya kukataa kila utaratibu.

Sina cheti cha ualimu. Ninaruhusiwa kufundisha?

Nchi nyingi zinazoruhusu elimu ya nyumbani hazidai cheti cha ualimu. Baadhi hudai uwe umemaliza sekondari. Soma ya kwenu. La muhimu zaidi ni kujua somo lipi linakuzidi na kumtafuta anayelijua kabla mtoto hajakupita.

Mtoto wangu ana mahitaji maalumu. Nikimsomesha nyumbani, anapoteza huduma za serikali?

Hapa nawaomba mwende polepole. Katika nchi nyingi huduma kama mtaalamu wa usemi, vifaa vya kusikia, au msaidizi wa darasani zimefungwa kwenye shule, na mtoto akiondoka huduma hubaki nyuma yake. Wazazi wengi hugundua baada ya kusaini fomu ya kumtoa. Uliza kwanza, kwa maandishi: huduma ipi itaendelea, nani atailipia, na mtoto akitaka kurudi atapokelewa lini.

Uwajibikaji hapa una pande mbili. Mzazi awe na mpango wenye malengo yanayoonekana, yaliyopunguzwa ukubwa kulingana na mtoto, mathalani kuvaa viatu mwenyewe ndani ya miezi mitatu. Naye mkaguzi asimpime kwa kipimo cha umri wake. Nimeona mama akilia kwa sababu ripoti ilisema mwanawe yuko nyuma miaka minne, wakati mtoto yuleyule mwaka uliopita hakuwa akitamka neno hata moja na sasa anaomba maji. Maendeleo ya mtoto hupimwa kutoka pale alipoanzia, na una haki ya kudai hilo liandikwe.

Hatufuati mtaala. Mtoto anajifunza kwa kufuata anachokipenda. Nitawaoneshaje?

Njia hiyo inaweza kuzaa watoto wenye udadisi wa ajabu. Inaweza pia kuwa jina zuri la kutofanya lolote, na mtu wa nje hawezi kutofautisha usipomsaidia. Kwa hiyo kwenu kazi ya kuandika ni kubwa kuliko kwa anayefuata silabasi. Yeye anaonesha kitabu, wewe unaonesha njia iliyopitwa: mtoto alipenda ndege, akahesabu walioshuka bustanini kwa wiki tatu, akachora grafu, akasoma kwa nini wengine huhama, akaandika barua kwa mtu anayewachunguza. Humo mna hesabu, sayansi, jiografia na uandishi.

Halafu jiulize kwa ukweli, mwisho wa kila mwezi: kuna kitu ambacho mtoto hajakigusa kabisa kwa sababu hakipendi? Kusoma na hesabu si vya kuachwa vije vyenyewe bila kikomo. Miaka ikipita, deni linabaki kwa mtoto.

Imani yetu ndiyo sababu ya kusomesha nyumbani. Serikali inaweza kupinga?

Inaweza kuweka kiwango cha chini hata pale inapoheshimu imani. Mfano unaotajwa sana ni wa 1972, Mahakama Kuu ya Marekani iliporuhusu wazazi wa Amish, jamii ya Kikristo inayoishi kando ya maisha ya kisasa, katika jimbo la Wisconsin kuwaacha watoto wao wasiendelee na shule baada ya darasa la nane. Mahakama iliangalia kwamba jamii hiyo ilikuwa na historia ndefu ya kuwaandaa vijana wake kwa kazi na maisha ya kujitegemea. Haikusema kila mzazi mwenye imani anaweza kufanya apendalo.

Katika kesi hiyo jaji William O. Douglas alitofautiana na wenzake kwa sehemu. Alisema mtoto mwenyewe alipaswa kusikilizwa, kwa sababu ni maisha yake yatakayofungwa milango. Jambo hilo baadaye likaingia katika ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto. Kwa hiyo fundisha imani yako kwa moyo wote, lakini mpe mtoto pia kusoma, kuandika, hesabu na sayansi za kumwezesha kusimama mahali popote akiwa mtu mzima, hata mahali ambapo wewe usingemchagulia.

Mtoto anaulizwa lini?

Kila mwaka, na aulizwe na mtu ambaye hana hofu ya kumuudhi. Mtoto akikuambia wewe kwamba anapenda kusoma nyumbani, huenda anakupenda wewe. Mwulize pia ana marafiki gani, mara ya mwisho aliwaona lini, na kama kuna kitu angependa kujifunza ambacho hakipo. Mwanangu wa pili alipofika miaka kumi na tatu alisema anataka shule. Niliumia. Alikwenda.

Tunatumia masomo ya intaneti. Programu ndiyo inayowajibika, sivyo?

Hapana. Programu inahesabu maswali yaliyobofywa, haijui kama mtoto ameelewa. Mbele ya sheria jina lililoandikwa ni lako.

Ripoti imekuja mbaya. Nifanye nini?

Lala nayo usiku mmoja kabla ya kujibu. Kisha itenganishe: yapo mambo ya kweli, na huenda yapo ya kuonewa. Ya kweli yakubali kwa maandishi, weka mpango wenye tarehe, na omba ukaguzi wa pili. Ofisi nyingi hutoa muda wa kurekebisha kabla ya kuagiza mtoto arudi shule. Ya kuonewa yajibu kwa ushahidi, moja baada ya jingine, kwa lugha ya adabu. Kama kuna ngazi ya rufaa, angalia ina siku ngapi, maana muda huanza kuhesabiwa tangu siku ya barua.

Na kama moyoni unajua kwamba mwaka huu umekwenda vibaya, labda kwa ugonjwa, msiba au kazi, sema hivyo. Kumrudisha mtoto shule kwa mwaka mmoja hakukuvunjii heshima. Nimewafahamu wazazi waliofanya hivyo, wakapumua, wakaanza upya vizuri.

Na serikali yenyewe inawajibika kwa nani?

Swali hili halipewi nafasi inayostahili. Serikali inayodai taarifa, ripoti na ukaguzi inadaiwa na yenyewe. Iweke masharti wazi, yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mzazi wa kawaida anaielewa. Iwafunze wakaguzi wake elimu ya nyumbani ni nini, maana mtu aliyezoea kukagua madarasa ya watoto arobaini atakiona kila kitu nyumbani kuwa pungufu. Ijibu barua. Itenganishe ukaguzi wa elimu na uchunguzi wa ukatili, ili familia isiyotuhumiwa chochote isitendewe kama mtuhumiwa. Na impe mtoto njia ya kufanya mitihani ya taifa akiwa mtahiniwa wa kujitegemea bila kusumbuliwa. Serikali inayofunga mlango wa mitihani huku ikidai ushahidi wa kiwango inamdai mtoto kitu ambacho imemzuia kukipata.

Nataka kumtoa mtoto shule wiki ijayo. Nianzie wapi?

Usimtoe wiki ijayo, isipokuwa kama yuko hatarini. Tafuta sheria yenyewe uisome mwenyewe, usitegemee ulichosikia kwa mzazi mwingine, hata mimi. Ona kama ni taarifa au kibali, na kama kuna tarehe ya mwisho. Iarifu shule kwa barua ili mtoto asihesabiwe mtoro. Kisha, kabla ya kununua kitabu chochote, mtafute mtu mmoja asiye ndugu yako, anayejua kufundisha, atakayekaa na mtoto wako peke yake mara mbili kwa mwaka na kukuambia ukweli. Mtambulishe kwa mtoto mapema. Akimpenda, umeanza vizuri.